Nani Hunufaika Zao Linapotangazwa?

Maziwa ya mfugaji mmoja, yakishamiminwa katika tangi la kiwanda, hayatofautiki tena na maziwa ya jirani yake, na hali ni hiyo hiyo kwa mahindi yaliyomo ghalani, kwa ng'ombe wa mnadani na kwa majani ya chai yaliyokwisha kuchanganywa. Mzalishaji wa bidhaa ya namna hii hana sababu ya kutumia fedha zake kuitangaza, kwa kuwa mnunuzi atakayevutiwa na tangazo atanunua maziwa tu, bila kujua wala kujali yametoka zizi gani, na faida itasambaa kwa maelfu ya wafugaji ambao hawakuchangia hata senti moja. Hao ndio wadandiaji, yaani watu wanaosafiri kwa nauli iliyolipwa na wengine, na pale ambapo kila mmoja anangoja kudandia, safari haianzi. Suluhisho lililotumika katika nchi nyingi ni tozo ya lazima: sheria inamkata kila mzalishaji kiasi kidogo kwa kila kipimo anachouza, fedha zinakusanywa katika mfuko mmoja chini ya bodi ya zao, na bodi inalipia matangazo yanayolisifu zao lenyewe bila kutaja kampuni, shamba wala chapa. Matangazo hayo huitwa matangazo ya jumla, na kwa zaidi ya miaka sitini wanauchumi wa kilimo, hasa nchini Marekani na Australia, wamejitahidi kupima kama mkulima anayekatwa tozo hiyo anarudishiwa fedha yake.

Katika mjadala huu maswali matatu huchanganywa, na mchanganyiko huo ndio chanzo cha hukumu nyingi potofu. La kwanza ni kama matangazo huongeza kiasi cha zao kinachonunuliwa. La pili ni kama ongezeko hilo, likishapita mikononi mwa wauzaji, wasindikaji na wakulima wapya wanaoingia sokoni, huacha chochote mfukoni mwa aliyelipa tozo. La tatu ni kama fedha hizo hizo zisingezaa zaidi zikipelekwa kwenye utafiti wa mbegu, udhibiti wa magonjwa au ubora. Utafiti umelijibu swali la kwanza kwa uhakika wa kiasi, na kwa bahati mbaya hilo ndilo lenye thamani ndogo kuliko yote kwa mkulima. Majibu ya mawili yaliyobaki hutegemea sura ya soko la zao husika kuliko ubora wa tangazo lenyewe, na kwa sababu hiyo bodi inayotoa takwimu moja ya kung'ara kwamba kila dola imerudisha dola kadhaa huwa imesema jambo dogo kuliko linavyosikika.

Historia ya tozo za aina hii haikuanzia Marekani. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ya India, kwa maombi ya wenye mashamba wenyewe, ilitunga sheria ya tozo ya chai inayosafirishwa nje ili kugharimia utangazaji wake, na mwaka 1935 India, Ceylon (Sri Lanka ya leo) na makoloni ya Kiholanzi yaliyo Indonesia ya leo ziliunda chombo cha pamoja cha kukuza soko la chai duniani. Mwaka huo huo wa 1935, jimbo la Florida lilianza kuwatoza wakulima wa machungwa kwa kila kreti, na majimbo mengine ya Marekani yakafuata. Baada ya Vita Kuu ya Pili mkondo uligeuka kuwa wa kitaifa: pamba, iliyokuwa ikisukumwa pembeni na nyuzi za viwandani, ilipata sheria yake mwaka 1966, maziwa mwaka 1983, kwa tozo ya senti 15 kwa kila ratili mia, na nyama ya ng'ombe na ya nguruwe mwaka 1985. Kwa nyama ya ng'ombe kiwango kiliwekwa kuwa dola 1 kwa kila mnyama anayeuzwa, na katika kura ya mwaka 1988 wafugaji asilimia 79 waliridhia. Mtazamaji wa televisheni wa miaka ya 1990 alikutana na matunda ya sheria za aina hii kila jioni, kuanzia kampeni ya California iliyozinduliwa mwaka 1993 ikimwuliza kama ana maziwa nyumbani, hadi ile iliyokwisha kuanza mwaka 1987, iliyoitambulisha nyama ya nguruwe kuwa nyama nyeupe nyingine, ikilenga waziwazi wateja wa kuku.

Nadharia inayotawala uwanja huu ina mizizi miwili. Robert Dorfman na Peter Steiner walionyesha mwaka 1954 kwamba kampuni inayomiliki soko lake inapaswa kutenga kwa ajili ya matangazo sehemu ya mauzo inayolingana na uwiano wa namba mbili: mwitikio wa wanunuzi kwa matangazo, na mwitikio wao kwa bei. Namba ya namna hii huitwa mnyumbuko. Mnyumbuko wa matangazo ni asilimia ambayo mahitaji huongezeka pale matumizi ya matangazo yanapoongezwa kwa asilimia 1, na mnyumbuko wa bei ni asilimia ambayo mahitaji hupungua bei inapopanda kwa asilimia 1. Lakini bodi ya machungwa si kampuni. Inaweza kutangaza, ila haiwezi kumzuia mkulima asipande miche zaidi, na tofauti hiyo ndiyo iliyochunguzwa na Marc Nerlove na Frederick Waugh katika makala yao ya mwaka 1961 kuhusu utangazaji usioambatana na udhibiti wa ugavi. Hoja yao, ambayo hadi leo haijapata mpinzani wa maana, ni kwamba matangazo yakipandisha bei, wazalishaji huongeza uzalishaji, na uzalishaji ulioongezeka huirudisha bei chini. Hivyo kadiri ugavi unavyonyumbuka kwa urahisi ndivyo faida ya tangazo inavyoyeyuka.

Mfano wa kubuni wa hesabu unaonyesha uzito wa hoja hii. Ikichukuliwa kwamba mnyumbuko wa matangazo ni 0.02, kiwango cha kawaida katika tafiti za vyakula, na mnyumbuko wa mahitaji kwa bei ni 0.5, basi katika msimu ambao mazao yamekwisha kuvunwa na hakuna awezaye kuongeza hata gunia, kiwango kinachomfaa mkulima ni asilimia 4 ya mauzo. Ugavi ukiwa na mnyumbuko wa 0.5, kiwango hicho hushuka hadi asilimia 2, na ukifika 1.5 hubaki asilimia 1 tu. Wanunuzi ni wale wale, tangazo ni lile lile, na ubunifu wa wasanii haukubadilika. Kilichobadilika ni wepesi wa wakulima wengine kuingia shambani. Ndiyo maana zao la miti inayochukua miaka mingi kuzaa hunufaika na matangazo kwa muda mrefu zaidi kuliko mboga ya miezi mitatu, na ndiyo maana nchi ndogo inayouza kwa bei ya soko la dunia haiwezi kuipandisha bei hiyo kwa kutangaza zao nyumbani.

Parachichi la Hass linaonyesha jinsi watunga sheria walivyoielewa hoja hiyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliweka tozo ya senti 2.5 kwa kila ratili, ikiwakata wakulima wa California na waagizaji wa nje kwa kiwango kimoja. Laiti waagizaji wangeachwa, wakulima wa California wangekuwa wanalipia matangazo ambayo matunda yake yangevunwa Mexico, ambako ugavi uliweza kupanuka haraka; na leo sehemu kubwa sana ya maparachichi yanayoliwa Marekani hutoka nje. Tozo kwa waagizaji haikuizuia Mexico kupanua mashamba, lakini iliilazimisha kulipa nauli.

Kuna nyongeza ya nadharia inayostahili kujulikana zaidi kuliko inavyojulikana. Hesabu iliyotolewa juu inadhani kwamba fedha za matangazo zinatoka mfukoni mwa mkulima moja kwa moja, kama mchango wa mara moja. Tozo halisi hukatwa kwa kila ratili au kila ng'ombe, na tozo ya namna hiyo hufanya kazi kama kodi: hupunguza ugavi kidogo, hupandisha bei ya rejareja kidogo, na kwa hiyo sehemu yake hulipwa na mlaji. Kadiri ugavi unavyonyumbuka, mkulima hupata sehemu ndogo ya faida ya tangazo, lakini pia hubeba sehemu ndogo ya gharama, na mambo haya mawili hufutana. Matokeo yake ni kwamba kiwango bora kwa mkulima hurudi kuwa kile cha Dorfman na Steiner, yaani asilimia 4 katika mfano uliotolewa, bila kujali mnyumbuko wa ugavi. Jinsi fedha zinavyokusanywa, basi, si suala la kihasibu tu, na mtathmini anayetoa uwiano wa faida bila kusema ni nani hasa aliyebeba tozo ameacha nusu ya kazi.

Kutoka nadharia hadi vipimo kuna umbali mrefu. Njia iliyotumika zaidi ni kukusanya takwimu za miezi au robo za mwaka kwa kipindi cha miaka kumi au ishirini, kisha kutumia milinganyo ya ekonometria, yaani takwimu zilizojengwa juu ya nadharia ya uchumi, ili kutenganisha athari ya matangazo na athari za bei, kipato, idadi ya watu na majira. Ugumu wa kwanza ni kwamba tangazo la leo halimalizi kazi yake leo. Nerlove na Kenneth Arrow walipendekeza mwaka 1962 kwamba matangazo yatazamwe kama mtaji wa sifa njema unaojengwa polepole na kuchakaa polepole, wazo ambalo limekuwa msingi wa kazi nyingi zilizofuata, ingawa kasi ya kuchakaa kwa mtaji huo haionekani kwa macho na mtafiti hulazimika kuikadiria kutoka katika takwimu zile zile anazojaribu kuzifafanua.

Ugumu wa pili ni mkubwa zaidi. Bajeti ya bodi hutokana na tozo, na tozo hutokana na kiasi kilichouzwa, hivyo mwaka wa mauzo mengi ndio huo huo unaoleta fedha nyingi za matangazo. Mtafiti asiye mwangalifu ataona matangazo na mauzo vikipanda pamoja, naye atahitimisha kwamba cha kwanza kimesababisha cha pili, ilhali huenda mambo yalikwenda kinyume. Aidha, tozo nyingi hubaki zile zile mwaka hadi mwaka, kwa hiyo matumizi halisi hayabadiliki vya kutosha kuacha alama inayosomeka. Jaribio la kweli, ambamo baadhi ya miji huongezewa matangazo na mingine kuachwa kwa makusudi, lingeondoa shaka hiyo. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilifanya jaribio la aina hiyo kwa maziwa katika miaka ya 1960, likaonyesha kwamba mauzo huongezeka matumizi yanapoongezwa. Inasikitisha kwamba njia hiyo haikuendelezwa kwa upana, kwa kuwa ingegharimu sehemu ndogo tu ya fedha ambazo bodi zimetumia tangu hapo kuwashawishi wanachama wake kwamba tozo inafaa.

Matokeo yake ni fasihi ya kitaaluma isiyokubaliana kuhusu ukubwa wa jambo. Kwa upande wa nyama, Gary Brester na Ted Schroeder waliripoti mwaka 1995 kwamba athari ya matangazo ya jumla ya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe haikutofautishika na sifuri kwa vigezo vya takwimu, ilhali matangazo ya chapa za makampuni yalionyesha nguvu zaidi. Henry Kinnucan na wenzake, miaka miwili baadaye, walionyesha kwamba habari za kiafya, hasa zile zilizounganisha mafuta ya wanyama na maradhi ya moyo, zilitikisa mahitaji ya nyama kuliko matangazo yote. Lakini tathmini iliyofanywa na Harry Kaiser wa Chuo Kikuu cha Cornell kwa ajili ya bodi ya nyama ya ng'ombe, ikihusu miaka ya 2006 hadi 2013, ilihitimisha kwamba kila dola ya tozo ilirudisha dola 11.20 kwa wazalishaji na waagizaji. Tofauti kati ya sifuri na kumi na moja si ndogo, na msomaji ana haki ya kuuliza inatoka wapi.

Sehemu ya jibu iko katika kilichopimwa. Tathmini za bodi hujumlisha shughuli zote zinazolipiwa na tozo, pamoja na utafiti, elimu ya lishe na ukuzaji wa masoko ya nje, wakati tafiti za awali zilihusu matangazo peke yake. Sehemu nyingine iko katika hesabu yenyewe. Thamani ya mauzo ya ng'ombe nchini Marekani huhesabiwa kwa makumi ya mabilioni ya dola kwa mwaka, na matumizi ya bodi kwa makumi ya mamilioni, hivyo mnyumbuko mdogo sana wa matangazo, ambao takwimu haziwezi kuutofautisha na sifuri kwa uhakika, ukizidishwa kwa thamani kubwa kiasi hicho huzaa uwiano mkubwa. Uwiano wa 11 na athari isiyoonekana vinaweza kutoka katika takwimu zile zile bila yeyote kudanganya. Kinachopaswa kudaiwa kutoka kwa kila tathmini ni upeo wa makosa yake, yaani uwiano wa chini na wa juu ambao takwimu zinaruhusu, na si namba moja ya katikati inayochapishwa kwenye kipeperushi.

Uwiano mkubwa, hata ukiwa sahihi, una maana ambayo bodi hazipendi kuitaja. Kanuni ya uchumi inasema kwamba matumizi yaongezwe hadi pale ambapo dola ya mwisho inarudisha dola moja tu. Programu ambayo dola zake zinarudisha kumi na moja baada ya miaka thelathini ama imekadiriwa kupita kiasi, ama imewanyima wakulima faida kwa kutangaza kidogo mno. Tozo ya dola 1 kwa ng'ombe haijabadilika katika sheria ya taifa tangu ilipoanza kukatwa mwaka 1986, ingawa thamani ya dola yenyewe imeshuka hadi chini ya nusu. Bunge la Marekani lilitaka katika sheria yake ya kilimo ya mwaka 1996 kwamba programu hizi zitathminiwe na wachunguzi huru angalau kila baada ya miaka mitano, na hilo limeleta uwazi wa kweli. Hata hivyo mchunguzi huyo hulipwa kutoka katika mfuko anaouchunguza, na huchaguliwa na bodi ambayo uhai wake hutegemea jibu. Kusema hivyo si kuwatuhumu watafiti hao, ambao wengi wao ni mabingwa wa fani yao na mbinu zao hufunguliwa kwa wenzao, ila ni kukumbusha kwamba taasisi yenye swali gumu huweza kuchagua muulizaji.

Maziwa yanatoa mtihani mgumu zaidi. Unywaji wa maziwa kwa kila Mmarekani umepungua kwa zaidi ya theluthi moja tangu katikati ya miaka ya 1970, katika kipindi kile kile ambacho maziwa yalipata kampeni zinazokumbukwa kuliko za zao lolote. Wapinzani wa tozo huishika takwimu hiyo kama ushahidi wa kushindwa, na kwa kufanya hivyo hukosea, kwa maana swali halali ni maziwa kiasi gani yangenywewa bila matangazo, na watathmini wengi wanakadiria kwamba anguko lingekuwa kubwa zaidi. Lakini watetezi nao hawapaswi kustarehe. Umaarufu wa tangazo na nguvu yake sokoni ni vitu viwili, na hakuna kampeni iliyoweza kushindana na soda, maji ya chupa na mabadiliko ya kifungua kinywa cha familia.

Katika maziwa pia ndipo sera ya serikali ilipoingia kati ya tangazo na mkulima. Bei ya maziwa ya Marekani hupangwa kwa madaraja, maziwa ya kunywa yakilipwa zaidi ya yale ya kutengenezea siagi na jibini, hivyo tangazo lililofanikiwa huhamisha maziwa kutoka daraja la bei ya chini hadi la bei ya juu, na mfugaji hupata tofauti hiyo hata kama hakuna tone lililoongezeka. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 serikali ilikuwa ikinunua ziada ya siagi, jibini na maziwa ya unga ili bei isishuke chini ya kiwango fulani, na katika hali hiyo sehemu ya faida ya tangazo haikwenda kwa mfugaji bali kwa hazina, ambayo ilibaki na shehena ndogo ya kununua.

Wasindikaji na maduka makubwa ni kizuizi kingine. Michael Wohlgenant alionyesha mwaka 1993, kwa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, kwamba mlaji anapoongeza mahitaji, kinachoongezeka si mahitaji ya mnyama tu bali pia ya uchinjaji, ufungashaji, usafirishaji na uuzaji, na kadiri wasindikaji wanavyoweza kutumia huduma hizo badala ya mnyama, sehemu ya mfugaji hupungua. Kwa hesabu yake, utafiti unaopunguza gharama za uzalishaji shambani ulimnufaisha mfugaji kuliko tangazo lenye nguvu sawa. Mingxia Zhang na Richard Sexton waliongeza mwaka 2002 kwamba pale ambapo wanunuzi wa mazao ni wachache na wana uwezo wa kupanga bei, sehemu ya faida hubaki kwao, ingawa hawakulipa tozo yoyote.

Jambo linalopaswa kumsumbua kila mtunga sera ni lile ambalo Julian Alston, John Freebairn na Jennifer James walilichambua mwaka 2001 chini ya wazo la kumfilisi jirani. Tumbo la mlaji lina kikomo. Nyama ya nguruwe inayouzwa kwa nguvu ya tangazo mara nyingi ni nyama ya ng'ombe isiyouzwa, na bodi ya ng'ombe hujibu kwa tangazo lake, hadi pande zote mbili zinapotumia fedha ambazo kwa sehemu hufutana. Bodi zikiamua pamoja zingetumia kidogo na kupata zaidi, lakini kila moja ina wajibu kwa wanachama wake peke yao, na hesabu ya uwiano wa faida ya zao moja haioni hasara iliyoangukia zao la pili. Mkulima anayefuga ng'ombe na nguruwe hukatwa mara mbili ili apigane na nafsi yake mwenyewe.

Ndani ya zao moja nako hakuna umoja unaodhaniwa. Mzalishaji aliyewekeza katika ubora hutaka mnunuzi aamini kwamba pichi zake ni bora kuliko nyingine, na tangazo linalosema pichi zote ni nzuri linamwondolea kile alichokijenga kwa gharama; John Crespi na Stéphan Marette walionyesha mwaka 2002 mazingira ambamo matangazo ya jumla hupunguza tofauti anazoziona mlaji kati ya chapa na kuwaumiza wazalishaji wa ubora wa juu. Manung'uniko hayo yalifika Mahakama Kuu ya Marekani mara tatu, kwa hoja kwamba kumlazimisha mtu alipie ujumbe asiouamini ni kuvunja uhuru wake wa kusema. Mwaka 1997 mahakama iliunga mkono tozo ya matunda ya California kwa majaji watano dhidi ya wanne. Mwaka 2001 ikaifuta tozo ya uyoga. Na mwaka 2005, katika shauri la nyama ya ng'ombe, ikaamua kwamba ujumbe wa programu ya taifa ni kauli ya serikali yenyewe, na hakuna raia anayeweza kukataa kulipia kauli ya serikali. Uamuzi huo wa mwisho ulizinusuru tozo kisheria, lakini ulidhoofisha dai la muda mrefu kwamba hizi ni programu za wakulima, zilizoanzishwa na wakulima na kuongozwa nao.

Kwa nchi zinazouza mazao nje, tofauti kati ya zao na asili yake ndiyo inayoamua kila kitu. Shirikisho la Taifa la Wakulima wa Kahawa la Colombia, lililoanzishwa mwaka 1927 na kupata mfuko wake wa tozo mwaka 1940, halikutumia fedha zake kuwahimiza Wamarekani wanywe kahawa ya yeyote. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 lilimtangaza mkulima wa kubuni, Juan Valdez, na nyumbu wake, likawashawishi wakaangaji wauze kahawa ya Colombia tupu, isiyochanganywa, na kuweka nembo hiyo kwenye pakiti. Tangazo lilikuwa la jumla kwa wakulima wote wa Colombia na la chapa kwa ulimwengu uliobaki, na kwa njia hiyo liliwakwepa wadandiaji wa Brazil na Afrika. Masharti yake yalikuwa mawili: zao liweze kutambulika hadi mezani, na msindikaji akubali kulitaja.

Tanzania ina kianzio kinachofanana na hicho nchini Japani, ambako jina la Kilimanjaro hutumika kwa kahawa ya Tanzania hata ile iliyovunwa mbali na mlima wenyewe. Chai ya Afrika Mashariki haina bahati hiyo. Mnada wa Mombasa, unaopokea chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine, huuza kwa wingi chai ambayo baadaye huchanganywa na kufungashwa kwa majina ya makampuni huko Pakistan, Misri au Uingereza, na mnywaji hana njia ya kuidai chai ya Kericho hata kama tangazo limemshawishi. Kwa korosho hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ile ya Mtwara na Lindi husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa, na tangazo kwa mlaji wa mwisho lingepita juu ya kichwa cha mnunuzi halisi. Mjadala mkali wa Bunge la Tanzania wa mwaka 2018, pale sheria iliyoitengea sekta ya korosho asilimia 65 ya tozo ya korosho ghafi inayouzwa nje ilipobadilishwa ili fedha zote ziingie Mfuko Mkuu wa Serikali, haukuhusu matangazo, lakini uligusa sharti ambalo utafiti wote ulioelezwa hapa hulichukulia kuwa limekwisha kutimizwa, yaani kwamba fedha iliyokatwa kwa jina la zao itatumika kwa zao hilo.

Zao ambalo mazingira ya Afrika Mashariki yanalipa nafasi nzuri zaidi ni maziwa, kwa kuwa hunywewa karibu na yanakozalishwa na bei yake haipangwi kwa ukamilifu na soko la dunia. Hata hapo kikwazo kiko wazi: nchini Kenya na Tanzania sehemu kubwa ya maziwa huuzwa mabichi, kutoka kwa mfugaji hadi kwa jirani, mchuuzi wa baiskeli au mkahawa, nje ya mtandao wowote wa kukata tozo. Tozo inayokatwa viwandani tu ingewabebesha gharama wafugaji wanaopeleka maziwa kiwandani na kuwanufaisha wote, nayo ingeongeza pengo la bei ambalo tayari linawafanya walaji wengi wapendelee maziwa mabichi. Kabla ya kuweka tozo ya namna hiyo, takwimu tatu zinahitajika, na zote zinaweza kupatikana kwa gharama ndogo kuliko ya kampeni moja ya televisheni: unywaji unabadilika kiasi gani bei ikibadilika, wafugaji wanaongeza kiasi gani bei ya shambani ikipanda, na kati ya kila shilingi inayoongezeka dukani, ni senti ngapi zinazofika zizini. Wilaya mbili zinazofanana, moja ikitangaziwa na nyingine ikiachwa kwa mwaka mmoja, zingeanza kutoa jibu ambalo milinganyo ya miaka ishirini ya Marekani imeshindwa kulitoa bila ubishi.